Misumari Mitatu

Nilipima misumari kwa Olegario Bentancur
miaka ishirini na minane, kaunta ileile,
mjini Paso Quebrado, kaskazini mwa Uruguay,
ambako kondoo ni wengi kuliko wapiga kura
na upepo wa kusini, mwezi Julai, huingia bila hodi.

Siku ya kwanza alinifundisha kazi:
mfuko juu ya mizani, misumari hadi mshale utulie,
kisha, mteja akigeukia rafu ya rangi,
toa mitatu.
"Mitatu tu, Nélida. Wa nne ni wizi."

Mitatu ikalala mfukoni mwa aproni yangu,
jioni ikaenda kwenye pipa nyuma ya stoo.
Sikumwambia mtu. Mshahara ni mshahara,
nami nilikuwa na mama wa kumnunulia dawa.

Ukaja mwaka wa mafuriko.
Mto ulibeba daraja usiku mmoja,
ukabeba ng'ombe wanne wa mjane Etcheverry
na basi la shule, tupu, Mungu alisaidia.
Serikali ikatuma mtu mwenye kamera.
Kamera ikaondoka.

Ndipo Olegario akafungua stoo, akalibingirisha pipa
hadi ukingoni, akalipindua juu ya turubai:
misumari ya kila mtu, ya inchi mbili, ya inchi nne,
mingine ina kutu ya marais watatu.
"Ni yenu," alisema.
Watu wakadhani ni ukarimu.
Mimi peke yangu nilijua ni hesabu.

Daraja la mikalitusi lilisimama siku ya kumi na tisa.
Oktoba wakampigia kura.

Alinunua suti moja, ya kijivu, kwa mkopo,
akapanda basi la usiku kwenda Montevideo
na buyu lake la mate, na chupa ya maji moto kwapani,
kama mtu anayefuata mzigo wa saruji, kesho arudi.
Na alirudi, kila Ijumaa. Foleni ilianzia kaunta
ikaishia kwa muuza mikate,
wala hakuna aliyetaka bawaba:
barua ya hospitali, kazi ya mpwa, pensheni ya baba.
Zamani alijua kusema, "Hakuna, imekwisha."
Sasa alisema, "Tutaangalia,"
na neno lile halikuwa na uzito. Nililipima.

Mara moja nilimwona kwenye televisheni,
wanajadili kodi mpya.
Huku wanapaza: unyang'anyi! Kule: haki!
Yeye akasimama, akavuta tai,
akasema inategemea pipa liko wapi
na nani analijua.
Wakacheka. Mtu wa mashambani huyu.
Kidole gumba chake kikaelea juu ya kitufe,
nami nikakitambua kile kidole.

Mihula miwili. Wa tatu akashindwa na daktari wa mifugo
kwa kura mia na sita.
Daraja la zege lilikuwa limejengwa, likapewa jina la waziri.
Duka akaniuzia mimi, kwa bei ambayo sikuibishia.

Jana aliingia, kofia mkononi, bega moja limeshuka,
akaomba kilo ya inchi tatu. Banda la kuku, alisema.
Nikapima. Mshale ukatulia.
Akageukia rafu ya rangi,
akasimama akilisoma kopo la nyeupe
muda mrefu kuliko maandishi yake.

Nikatoa mitatu.

Siku hizi pipa liko chini ya kaunta, karibu na goti langu.
Moja ikalia, na ya pili, na ya tatu.
Hakugeuka. Midomo yake ilikuwa ikihesabu,
na ilipokoma alisubiri kidogo,
asikie kama kuna wa nne.